SIKU 14 HAZIPONYI KIDONDA



Lilipotajwa mkutanoni jambo la dada zetu waliokatwa titi kwa ajili ya saratani, kisha wakatengenezewa titi jingine, wanaume wengine walicheka. Wakasema, "Huo ni urembo. Chama hakidai siku za urembo." Sisi twawajibu.

Mtu wa reli akikatwa mguu na behewa, akapewa mguu wa kutengenezwa, nani humwambia ni urembo? Hakuna. Basi titi nalo ni kiungo cha mwili. Aliyelipoteza kwa ugonjwa ana haki ya kurudishiwa akitaka, na ana haki ya kupona.

Tazameni kazi yenyewe. Daktari hutia mfuko wa silikoni kifuani, au hukata nyama na ngozi ya tumbo au ya mgongo, akaunda titi. Mama hurudi nyumbani na mipira myembamba ubavuni ya kutoa maji ya kidonda. Maji hayo hupimwa na kuandikwa kila siku mpaka yapungue, ndipo mipira itolewe. Ndoo habebi, mtoto habebi, nguo za kufua haziwezi. Kidonda kikiwa chekundu na cha moto, au homa ikipanda, sharti arudishwe hospitali upesi. Kwa kawaida aliyetiwa mfuko hupumzika wiki 4 mpaka 6, na aliyekatwa nyama ya tumbo wiki 6 mpaka 8.

Sasa tazameni sheria. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 30, yampa mgonjwa si chini ya siku 7 za mshahara kamili na siku 7 za nusu mshahara katika miezi 12. Jumla siku 14. Wiki 6 ni siku 42. Hizo 28 zilizobaki alipa nani? Tena mara nyingi hata zile 14 zimekwisha kuliwa na upasuaji wa kwanza na dawa za saratani. Hapo dada humaliza likizo yake ya mwaka kitandani, au hurudi kufagia mabehewa na kidonda kibichi.

Waajiri husema, "Twafuata sheria." Sheria imetaja kiasi cha chini kabisa, haikumkataza mtu kutoa zaidi. Kifungu cha 26 chasema mapatano ya chama yakiwa bora kuliko sheria, yafuatwe hayo. Injini ikifunguliwa karakana haitoki mpaka fundi atie sahihi. Je, mtu ni duni kuliko chuma?

Kwa hiyo twataka mapatano yajayo yaandikwe hivi:

1. Mshahara kamili kwa wiki zote zilizoandikwa katika cheti cha daktari, mpaka wiki 8.
2. Kazi nyepesi akirudi, mpaka daktari amruhusu kuinua mizigo.
3. Asifukuzwe wala asishushwe cheo kwa sababu ya ugonjwa huo.

Nanyi waume, mapatano hayachoti maji. Mwenye mke anayepona na ashike ndoo na mwiko mwenyewe.

Waliocheka mkutanoni wana mama, wake na mabinti. Siku ya kupiga kura na wainue mikono. Kidole kimoja hakivunji chawa.