Mashuuru: Mtoto Hajafeli, Amefelishwa



Leo tunamzungumzia mtoto ambaye hakuna anayemwandamania. Hajapigwa risasi, hajatekwa, hajanyimwa kitambulisho. Anaamka asubuhi, anavaa sare, anaenda shule, anarudi. Anaitwa mwanafunzi. Lakini yuko gredi ya nne na hajawahi kusoma sentensi moja hadi mwisho.

Yuko Mashuuru, huku kwetu Kajiado. Macho yake yanaona, masikio yanasikia, miguu ni mizima. Mpeleke malishoni, anajua kila mbuzi kwa rangi na kwa mama yake, na jioni mmoja akikosekana anajua ni yupi kabla hujamaliza kuhesabu. Mpe kitabu, herufi zinamkimbia. Mwambie anakili ubaoni, wenzake wamemaliza na yeye bado yuko mstari wa pili. Na wote wanaomzunguka wameshakata kesi: mvivu, mzito, hana kichwa.

Hatumtaji mtoto mmoja mwenye jina. Wako wengi, na wewe unayesoma hapa unamjua wa kwenu.

Tuanze na ukweli wenyewe. Kuna watoto ambao akili zao ni timamu kabisa, ila ubongo unashika maandishi, hesabu au maagizo kwa njia tofauti na wenzao. Ugumu wa kusoma unaitwa disleksia. Kuna ugumu wa hesabu, na kuna ugumu wa kutulia na kuweka makini. Haya hayatokani na uvivu, laana wala malezi mabaya, na kiboko hakijawahi kuyatibu. Mtoto akifundishwa kwa njia inayomfaa na akipewa nafasi anayohitaji, anasoma.

Shida ya Mashuuru ni kwamba mtoto huyu amejificha mahali ambapo ni rahisi kutoonekana. Nyumbani ni Kimaa, shuleni ni Kiswahili na Kiingereza, kwa hivyo mwalimu anasema "ni lugha tu, atazoea." Ukame ukija familia inahama na mifugo, mtoto anakosa wiki nyingi, kwa hivyo wanasema "ni utoro." Madarasa yamejaa, mwalimu hana muda, kwa hivyo wanasema "wengine ni hivyo tu." Kila sababu hapo ina ukweli wake. Lakini wenzake wanaozungumza Kimaa nyumbani wamejifunza kusoma. Wenzake waliohama na mifugo walirudi wakashika. Huyu mmoja bado amekwama, na hakuna aliyeuliza kwa nini. Kosa ndilo hilo: kutouliza.

Sasa, kwani sheria inasema nini? Shika hapa vizuri, kwa sababu wengi wanakwenda kwa mwalimu mkuu wakiomba huruma, na hii si huruma.

Katiba ya 2010, kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Kifungu cha 27 kinakataza ubaguzi kwa misingi ya ulemavu. Kifungu cha 54 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kusoma katika taasisi zilizojumuishwa na jamii, na kupata vifaa vya kumsaidia kushinda vikwazo vyake. Kisha kuna Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013. Kifungu cha 35 kinakataza kumrudisha mtoto darasa au kumfukuza kiholela. Kifungu cha 36 kinakataza kumtesa au kumdhalilisha mwanafunzi, kwa mwili au kwa maneno, na anayefanya hivyo anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi 100,000, au kufungwa hadi miezi 6, au vyote viwili. Kwa hivyo yule anayemsimamisha mtoto mbele ya darasa ili wenzake wamcheke kwa kushindwa kusoma, ajue kwamba huko si kufundisha.

Na serikali haiwezi kusema haikujua. Vituo vya kutathmini watoto wenye mahitaji maalum, vile vinavyoitwa EARC, vilianza nchini mwaka 1984 kwa msaada wa Denmark. Taasisi ya Elimu Maalum ya Kenya, KISE, ilianzishwa 1986. Kenya iliridhia mkataba wa kimataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2008. Mwaka 2018 Wizara ya Elimu ilitoa sera nzima ya wanafunzi wenye ulemavu, inayotaka mtoto asomee shule ya kawaida karibu na kwao na shule ijirekebishe imfae. Hiyo ni zaidi ya miaka 40 ya karatasi. Kwenye karatasi huyu mtoto ni mfalme. Darasani ni wa kuketi nyuma kabisa.

"Kujirekebisha" ni nini? Watu wakisikia hivyo wanafikiria jengo jipya na mamilioni. Hebu tutaje mambo yenyewe: kumketisha mbele, kumsomea maswali kwa sauti, kumruhusu ajibu kwa mdomo pale kinachopimwa ni sayansi wala si hati, kumwongezea dakika, kumpunguzia kazi ya kunakili, kutomlazimisha asome kwa sauti mbele ya wote, kuandika maagizo hatua moja moja, na kuwa na mpango wake mwenyewe wa masomo, ulioandikwa na kusainiwa, unaoangaliwa tena kila muhula. Hesabu ni ngapi kati ya hayo zinahitaji pesa. Karibu zote zinahitaji mtu mzima aliyeamua.

Kuna wanaosema huu ni upendeleo, ati mtihani ni mmoja na wote wafanye sawa. Nendeni kisimani mtazame. Birika la ng'ombe liko juu, la mbuzi liko chini. Hujawahi kusikia mchungaji akilalamika kwamba mbuzi amependelewa. Maji ni yale yale. Ukijenga birika moja refu na kusema "wote sawa," mbuzi atakufa kwa kiu akiwa amesimama kando ya maji. Hata Baraza la Mitihani, KNEC, lina utaratibu wa muda wa ziada na mitihani iliyorekebishwa kwa watahiniwa wenye mahitaji maalum. Lakini shule lazima iseme wakati wa usajili, miezi kabla ya mtihani. Mtoto ambaye hakutathminiwa hana karatasi, na asiye na karatasi hasajiliwi hivyo. Atakaa KPSEA gredi ya 6 na KJSEA gredi ya 9 kama wengine, kisha matokeo yatasomwa kana kwamba yamepima akili yake.

Wengine wanasema mwalimu amelemewa. Ni kweli, na hatutamgeuza mwalimu wa Mashuuru adui. Yeye ndiye aliyebaki darasani wakati wakubwa wako Nairobi. Lakini kulemewa kwa mwalimu ni sababu ya kumdai mwajiri wake walimu zaidi na mafunzo zaidi. Hakuwezi kuwa sababu ya kumtupa mtoto. Simama na mwalimu mdai pamoja.

Vijana wenzetu, hapa tuulizane kwa uchungu kidogo. Suala la hijabu katika shule moja ya Isiolo lilipofika kortini, tulifuatilia kila hatua. Mwaka 2016 Mahakama ya Rufaa ilisema kwamba sheria moja ya sare kwa wote inaweza kuwa ubaguzi kwa wasichana wetu. Tulishangilia. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu ilipotengua uamuzi ule kwa sababu za kiutaratibu, tuliumia. Hoja yetu ilikuwa gani? Kwamba usawa si kumvalisha kila mtu nguo moja, na kwamba shule inapaswa kumpa mtoto nafasi kulingana na hali yake. Sasa hoja ile ile ina mtoto mwingine. Huyu hataki kuvaa tofauti. Anataka kusomewa swali na kuongezewa dakika. Mbona kwake tumenyamaza? Haki tunayoidai tukiguswa sisi tu haiwezi kuitwa haki.

Tena tutazame na chuoni kwetu. Mtoto yule yule anayeshindwa na "ba be bi bo bu" shuleni ndiye anayechapwa madrasa kwa kutotofautisha herufi za Kiarabu. Ndiye anayeambiwa moyo wake umefungwa. Hatuwezi kuidai serikali iache kiboko ilhali sisi tumekishika Jumamosi.

Na kuna dhuluma nyingine isiyotajwa. Kitengela na Mashuuru ziko eneo bunge moja, Kajiado Mashariki. Kitengela, mzazi mwenye uwezo atampeleka mtoto akademi, atalipia tathmini ya binafsi, pengine na mwalimu wa pembeni. Mashuuru, mama atauza mbuzi alipe nauli, aambiwe afisa hayuko, arudi wiki ijayo. Mbunge ni mmoja, CDF ni moja, Katiba ni moja. Kinachotofautiana ni mfuko wa mzazi. Haki ya mtoto ikianza kupimwa kwa mfuko, hiyo imeshakuwa bidhaa.

Basi tufanye nini? Si kulalamika hapa tu.

Kwanza, kama kuna mtoto kwenu, msaidie mzazi kuandika barua kwa mwalimu mkuu kuomba tathmini. Barua, si maneno ya mlangoni. Weka tarehe, baki na nakala, omba muhuri. Wazazi wengi wa Mashuuru hawajasoma. Wewe umesoma, kalamu yako ndiyo sadaka yao.

Pili, shule ikikaa kimya, peleka nakala kwa afisa wa elimu wa kaunti ndogo. Muulize maswali matatu: kituo cha tathmini kinachohudumia Mashuuru kiko wapi, kinafungua siku gani, na mwaka huu kimeona watoto wangapi wa hapa? Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inampa afisa wa umma siku 21 kujibu ombi kama hilo. Akikataa, nenda Tume ya Haki ya Utawala.

Tatu, usikubali kurushwa kama mpira. Chekechea ni kazi ya kaunti. Msingi na sekondari ni kazi ya serikali kuu. Dalili zinaanza kuonekana mapema, kwa hivyo mwakilishi wa wadi ana lake la kujibu, na mbunge ana lake.

Nne, ingia kwenye mkutano wa wazazi na baraza la chifu. Suala hili likitajwa mara moja watacheka. Likitajwa kila mkutano, litaandikwa kwenye kumbukumbu.

Tano, leo hii, acha kumwita mtoto wa mtu mjinga. Hilo halihitaji barua wala muhuri.

Mtoto aliyeachwa gredi ya nne hangoji sera ya mwaka ujao. Kila muhula unaopita anajifunza somo moja tu, nalo analishika vizuri sana: kwamba yeye hafai. Akifika miaka 14 atakuwa ameacha shule, na sisi tutakaa kwenye mikutano tukiuliza vijana wetu wamepotelea wapi. Hawakupotea. Walikuwa darasani, kiti cha nyuma, na hakuna aliyewauliza.

Muulize wewe. Kisha sambaza ujumbe huu hadi ufike Mashuuru.