Kabla ya kutafuta kinoa ya dukani, tuangalie busera ya masoso

Mashauri ya chakula toka Ulaya na Marekani yanafika kwenye simu za Butembo na Beni haraka kuliko mfuko wa unga. Moja linasema hivi: mtu asiyeweza kula oti, ile inayoandikwa avoine kwenye makopo ya dukani, apike uji na biskuti kwa kinoa iliyopondwa ikawa bapa. Shauri si baya. Kinoa ni mbegu nzuri, gramu 100 zake kavu zina protini karibu gramu 14. Lakini mama aliyekimbia toka Eringeti au Kanyabayonga akiwa na watoto watatu, akilisikia shauri hilo, anaweza kuamini kwamba chakula bora cha mtoto kiko ndani ya kopo la duka kubwa, na kwamba yeye asiye na dola hana cha kumpa mwanawe. Hilo ndilo ninalotaka kulipinga leo.

Kinoa ni zao la milima ya Andes, kule Peru na Bolivia. Umoja wa Mataifa uliufanya mwaka 2013 kuwa mwaka wa kinoa duniani, na toka hapo jina lake likaenea. Ndugu msikilizaji, jamaa yake anaota nyuma ya nyumba yako. Ni lengalenga. Mimea hii miwili ni ya ukoo mmoja. Sisi tunachuma majani tu, na ikianza kutoa maua tunasema imezeeka, tunaing'oa na kuitupa. Watu wa Mexico walikula mbegu zake tangu zamani sana. Kenya na Uganda leo kuna wakulima wanaoilima kwa ajili ya mbegu, wakazisaga unga wa uji. Protini yake inakaribia kabisa ile ya kinoa.

Ukitaka kujaribu, acha mistari michache ya lengalenga ikomae, kausha vichwa, pukuta, pepeta vizuri. Weka sufuria kavu kwenye moto mkali, tupa mbegu kijiko kimoja kimoja, funika. Zitapasuka kama mahindi ya bisi, lakini ndogondogo. Hizo unaweza kuzitia ndani ya uji au kuzichanganya na asali na karanga. Zile zisizopasuka zisage. Usimpe mtoto mbegu mbichi.

Kuna pia ulezi, ule ambao wazee wetu Wanande wanauita obulo. Watoto wengi wa mjini leo wanaujua kwa jina tu, kwa sababu muhogo umechukua nafasi kwenye sahani. Lakini gramu 100 za ulezi zina kalsiamu karibu miligramu 340, wakati kinoa na oti zina karibu 50 tu. Kwa mifupa ya mtoto, bibi zetu hawakuwa wajinga.

Sasa tuje kwenye masoso. Jina lenyewe linasema kilichomo: mahindi, soya, na mtama, ule ambao kwa Kifaransa unaitwa sorgho. Mama wengi wanaujua toka vituo vya afya. Kipimo rahisi ni vikombe viwili vya mahindi, kimoja cha mtama, kimoja cha soya. Soya ndiyo yenye nguvu hapo, kwa sababu gramu 100 zake kavu zina protini zaidi ya gramu 35, mara mbili ya kinoa na zaidi. Unga wa muhogo unatoa kama gramu 2 tu. Ndiyo maana mtoto anaweza kushiba bugali kila siku na bado miguu ikavimba na nywele zikawa nyekundu.

Soya isisagwe mbichi. Ichague, ioshe, ikauke, kisha ikaange polepole mpaka ibadilike rangi na kutoa harufu nzuri. Soya mbichi inaumiza tumbo na inazuia mwili kutumia protini yake. Uji upikwe dakika 15 au 20 baada ya kuchemka, si kuuchemsha mara moja na kuutoa. Ongeza kijiko cha mafuta ya mawese au karanga zilizopondwa, na kama kuna ndagala, saga unga wake utie kidogo.

Kwa wanaooka: unga wa ulezi, wa mtama au wa lengalenga hauvutiki kama wa ngano, kwa hiyo mkate wa unga huo peke yake hauinuki. Badilisha robo moja ya unga wa ngano, yaani katika vikombe vinne toa kimoja, na mandazi yatatoka mazuri. Kwa chapati nyembamba au biskuti unaweza kufika nusu. Ngano nyingi tunayooka inapita Kasindi na kulipiwa kwa dola, basi robo inayobaki kwa mkulima wa Lubero si kitu kidogo.

Wapo watakaosema kwamba masoso ni chakula cha mgonjwa, na kwamba mtu anayeonekana akiinunua ana mtoto wa utapiamlo. Maneno hayo yanawaumiza mama, na yanafaa kukoma. Uji huo ni wa mtoto mzima, wa mjamzito, wa mzee na wa baba anayetoka shambani.

Wengine watasema: unaongea soya na ulezi, shamba liko wapi? Hao wana haki. Upande wa Beni, watu wameuawa na ADF wakiwa mashambani mwao, na wengi hawathubutu tena kupita barabara kuu. Penye usalama kidogo, ardhi nyingi imepandwa kakao, ambayo inaleta pesa lakini mtoto haili. Upande wa Lubero, Kanyabayonga ilianguka mikononi mwa M23 mwezi wa sita 2024, na waliokimbia waliacha maharagwe na mahindi nyuma. Hakuna shauri la upishi linaloweza kuchukua nafasi ya usalama wa njia ya shamba. Serikali inadaiwa hilo kwanza.

Lakini kuna mambo ambayo hayangoji amani. Msaada unapofika, mara nyingi ni unga wa mahindi, maharagwe, mafuta na chumvi. Ninawaomba wanaougawa waongeze soya iliyonunuliwa hapa hapa kwa wakulima wetu, au watoe pesa na mama wajinunulie Kilokwa au soko la Butembo. Walipie pia mashine ya kusaga karibu na kambi, maana nafaka isiyosagwa huishia kuuzwa kwa hasara. Kitivo cha kilimo cha Université Catholique du Graben kingefanya kazi kubwa kwa kutuonyesha ni lengalenga gani inatoa mbegu nyingi kwenye udongo wetu.

Na sisi wenye nyumba, tuliopokea ndugu zetu, tuwape kamstari kando ya ukuta. Lengalenga inatoa majani baada ya wiki tatu au nne, na mbegu baada ya miezi mitatu hivi. Mama wanne wakichanga soya na makala, wakakaanga pamoja siku moja, kila mmoja anarudi na unga wa wiki nzima.

Kwa usalama wa watoto, mambo mawili. Chini ya miezi 6 ni ziwa la mama peke yake. Uji unaanza baada ya hapo, na kunyonya kunaendelea mpaka miaka 2 au zaidi. Na mtoto aliyevimba miguu, aliyekonda sana au anayekataa kula, apelekwe kituo cha afya leo, asitibiwe kwa uji nyumbani.

Mwenye uwezo wa kununua kinoa ainunue, ale vizuri. Lakini tusimwambie mama aliyelala kwenye turubai kwamba hana kitu, wakati soya iko sokoni na lengalenga inakanyagwa njiani.