Muuguzi akiona kosa la dawa ndani ya telefone, nani anamjibu?

Katika vituo vya afya vya Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini na Ituri, kitabu cha matibabu hakikai tena mezani tu. Kiko pia ndani ya telefone ya muuguzi. Anapima uzito wa mtoto, anafungua programu, anasoma kipimo cha dawa, kisha anamweleza mama kwa Kiswahili. Ni msaada mkubwa, zaidi sana pale ambapo mganga yuko mbali. Lakini programu hizo zinaandikwa na watu wasiokiona kituo hicho. Siku muuguzi anapoona kwamba maandishi hayalingani na chupa aliyoishika, anatuma ujumbe kwenye sehemu ya maoni na kungoja. Mara nyingi kinachorudi ni jibu la mashine: asante kwa maoni yako.

Jibu hilo halitoshi, na sababu iko kwenye chupa yenyewe. Amoksisilini ya maji kwa watoto ina nguvu tofauti: kuna yenye miligramu 125 ndani ya mililita 5, na kuna yenye miligramu 250 ndani ya mililita hizo hizo. Programu ikiandika tu “mililita 5” bila kutaja nguvu ya chupa, mtoto anaweza kupata nusu ya dawa anayohitaji, na ugonjwa wa mapafu ukaendelea. Ama anapata mara mbili. Aliyeandika alikuwa na chupa moja akilini; muuguzi anayo ile iliyofika kutoka depo, na mwezi ujao inaweza kufika nyingine. Yeye ndiye wa kwanza kuona shida.

Na tusisahau kijiko. Kijiko cha chai kinachukua karibu mililita 5, cha supu karibu 15. Kuandika “kijiko kimoja” ni kumwachia mama achague jikoni kwake.

Lugha nayo ina mitego. Hapa mashariki, wakaaji wengi wanaita kidonge chochote kinini. Programu iliyotafsiriwa Dar es Salaam ama Nairobi ikisema mama mjamzito asipewe kinini, ikimaanisha ile dawa ya malaria, mama wa Walungu anaweza kuelewa kwamba asimeze kidonge chochote, hata vile vya kuongeza damu alivyopewa kwenye uchunguzi wa mimba. Hilo si kosa la sarufi la kurekebishwa siku yoyote. Ni hatari, na anayeweza kuiona ni yule anayeongea na mama huyo kila juma.

Wako wanaosema kwamba kila ujumbe ukibadilisha maandishi, programu itageuka soko. Ni kweli, muuguzi naye anaweza kukosea. Mwezi wa 11 mwaka 2022, Shirika la Afya Duniani lilipendekeza dawa ya artemeta-lumefantrini kwa malaria isiyo kali hata katika miezi mitatu ya kwanza ya mimba, wakati hapo awali ilikuwa kwinini. Muuguzi aliyesoma shule zamani anaweza kuandika kwa hasira kwamba programu inaua watoto tumboni. Programu iko sahihi. Lakini kumnyamazia ni kumwacha na wazo lake la zamani, na wagonjwa wake pamoja naye. Ajibiwe kwa heshima, aonyeshwe ni nini kilibadilika na lini, na aambiwe kama maagizo ya Kinshasa yanasema vingine.

Ujumbe kuhusu kipimo cha dawa haupaswi kupanga mstari mmoja na ule unaosema herufi ni ndogo. Mganga ama mfamasia ausome siku hiyo hiyo. Hatari ikionekana, ukurasa uwekewe onyo hata kabla ya uchunguzi kuisha. Kisha marekebisho yaandikwe tarehe, aliyetuma ajulishwe, na mganga mkuu wa zone ya afya pia. Ujumbe mfupi wa telefone unafaa kwa kazi hiyo, kwani programu inayofanya kazi bila intaneti inaendelea kuonyesha kosa la zamani hadi mwenye telefone apate megabaiti za kuipyaisha. Muuguzi naye asitume jina wala picha ya mgonjwa, chupa inatosha.

Kuna wanaojaribu. Médecins Sans Frontières, ambao miongozo yao inasomwa bure kwenye telefone hata pasipo mtandao, wanaomba wasomaji wawaandikie maoni.

Na mashariki ya Kongo si mahali pa kupokea tu. Wakati wa Ebola ya 2018 hadi 2020, utafiti uliofanyika Beni, Butembo, Katwa na Mangina, ukiongozwa pamoja na Profesa Jean-Jacques Muyembe, ulionyesha mwezi wa 8 mwaka 2019 dawa mbili zilizookoa watu wengi kuliko zingine. Dunia ilijifunza kutoka kwa wagonjwa na wauguzi wa hapa.

Shida ni kwamba wafadhili hulipa kutengeneza programu, si mtu wa kujibu barua baada ya mradi kufungwa. Kabla ya programu kuingia katika vituo vya afya, wizara iulize: nani atajibu, kwa lugha gani, kwa siku ngapi, na nani atamlipa mwaka wa tatu?