Ufito wa Ndoana Uliovunjika

Juma hili twataka kusema juu ya kitu ambacho wengi hukitia motoni pasipo kukitazama mara ya pili, ndicho ufito wa ndoana uliovunjika. Mwanafunzi mmoja wa Masisi, avuaye siku za Jumamosi katika maziwa ya Mokoto, ametuuliza kama ufito wake wafaa kutengenezwa. Samaki wachache awapatao ndio wampao madaftari na kalamu. Rafiki zake wamekwisha kumshauri njia mbili: ama achukue chandarua cha nyumbani, ama aponde majani ya utupa na kuyatia katika kijito.

Twamjibu waziwazi: asifuate hata moja. Chandarua kina kazi yake ya usiku, kuwakinga wadogo zake na mbu waletao malaria. Tena matundu yake ni madogo mno, huzoa hata vitoto vya samaki ambavyo baadaye vingekuwa kitoweo. Utupa nao hauchagui. Huua wakubwa kwa wadogo, na jirani wakaao chini ya kijito huteka maji hayo hayo. Ndoana hutoa samaki mmoja mmoja. Basi, kijana, kutengeneza ufito wako si ubahili.

Kwanza tazama ulipovunjika. Kama ni ncha tu, usijisumbue: kata palipo pazima, karibu na fundo, ufunge mshipi upya. Utakuwa mfupi, lakini utavua.

Kama ni katikati, penye uwazi ndani, kazi ni kubwa zaidi. Chonga kijiti kigumu kilichokauka, kiingie katika vipande vyote viwili kwa kubana kidogo. Usikigonge kwa jiwe! Mwanzi hupasuka upesi kwa urefu, kwa kuwa nyuzi zake zote zatoka shinani kwenda nchani, wala hapana zinazouzunguka na kuushika. Ndiyo sababu yatupasa sisi wenyewe kuuzungushia uzi.

Uzi wa nailoni uliofumuliwa katika wavu mkuukuu wafaa sana. Usugue kwa nta ya nyuki, usiteleze. Wenzetu wa Walikale, walio karibu na asali ya msituni, hawana haja ya kuinunua mbali. Anza vidole vinne kabla ya mahali palipovunjika, zungusha kwa kukaza, mzunguko kando ya mzunguko, mpaka vidole vinne mbele yake. Kabla ya mizunguko kumi ya mwisho, laza juu ya mwanzi kitanzi cha uzi mwingine, uendelee kuzungusha juu yake. Mwisho pitisha ncha ya uzi ndani ya kitanzi na kukivuta: ncha itaingia chini ya mizunguko na kubanwa hapo. Fundo la juu lingenasa mshipi kila mara.

Mahali pembamba, pasipo nafasi ya kijiti, kata vipande vyote viwili mshazari, vilale kifua kwa kifua, kisha uvifunge vivyo hivyo.

Palipogangwa hapapindi tena kama zamani. Kwa hiyo jaribu kwanza nyumbani: funga jiwe lenye uzito wa samaki mkubwa uliyepata kumvua, uliinue polepole. Heri uachie uani kuliko ziwani. Katika mto Lowa huko Walikale, wenye maji ya nguvu, sisi tusingeutumaini ufito ulioungwa mahali pawili.

Lakini kama ufa umepita pingili tatu au nne, usipoteze uzi wako. Kata mwanzi mwingine uliokomaa, si ule uliochipuka mwaka huu. Uukaushe kivulini majuma kadhaa, kisha uuning'inize juu ya meko, moshi uufukuze wadudu wautobowao. Na ule wa zamani? Chagua pingili moja nzima, nene, uikate ili fundo libaki upande mmoja liwe kitako, upande wa pili utie kizibo cha mti. Humo weka ndoana zako zote, maana mtoto atambaaye huokota kila king'aacho sakafuni na kukitia kinywani.