Mcheza Kwao Hutunzwa

Katika miji yetu, na siku hizi hata katika vijiji vingi, hapakosekani kibanda chenye kompyuta moja na spika mbili. Mteja huja na simu yake, hutoa fedha kidogo, na baada ya dakika chache huondoka na nyimbo mia na filamu tano. Mwenye kibanda amepata posho ya siku, na mteja amepata burudani ya mwezi mzima. Lakini katika biashara hiyo yuko mtu wa tatu, ambaye hakuwapo, wala hakuulizwa, wala hatapata hata senti moja. Huyo ndiye aliyetunga, aliyeimba, aliyepiga gitaa, aliyesimama mbele ya kamera tangu alfajiri mpaka usiku. Leo twapenda kumzungumzia huyo.

Hatuandiki haya kwa sababu ya kuuchukia mtandao wa intaneti. Lau tungeuchukia, tungekuwa tumesahau tulikotoka. Mpaka mwaka 2009 mawasiliano yetu ya intaneti na nchi za nje yalitegemea zaidi satelaiti, kwa bei ambayo kabwela hakuweza hata kuifikiria. Mwezi wa Julai mwaka huo waya wa SEACOM, uliolazwa chini ya bahari, ulianza kazi na kuiunganisha Dar es Salaam na dunia. Mwaka uliofuata ukaja wa EASSy. Hata kabla ya hapo walikuwako Watanzania walioona mbali. Ndesanjo Macha alikuwa akiandika kwa Kiswahili katika blogu yake aliyoiita Jikomboe, na mwaka 2005 mpigapicha Muhidin Issa Michuzi alianzisha ya kwake, ikawa dirisha la kutazamia nyumbani kwa ndugu zetu walioko ng'ambo. Mtu asiye na mtambo wa kupigia chapa, asiye na mtaji, asiye na mjomba katika ofisi ya gazeti, aliweza kusema neno lake likasomwa. Hilo ni jambo kubwa, na sisi hatutamuunga mkono yeyote atakayetaka kulifuta.

Tunalolilaumu ni hili: chombo kilichompa mnyonge sauti kimekuwa pia chombo cha kumnyang'anya jasho lake.

Wazee wetu walisema mcheza kwao hutunzwa. Hawakusema kwamba husifiwa tu. Kutunza, katika ngoma na katika taarabu, ni kuinuka kitini, kwenda mbele ya watu, na kumpa mwimbaji fedha. Mwenye nyingi hutoa nyingi, mwenye shilingi hutoa shilingi, na hapana askari mlangoni anayemlazimisha. Basi asitokee mtu wa kutuambia kwamba kulipia sanaa ni mambo ya kizungu yaliyoletwa na wanasheria. Ni desturi yetu. Kilichobadilika ni umbali. Zamani mwimbaji na msikilizaji walitazamana, na mtu huona haya kumnyima mwenzake anayemtazama usoni. Leo mwimbaji yuko Tandale na msikilizaji yuko Kasulu, kati yao iko mitambo na simu, na haya imepotea njiani.

Tumesikia hoja za wanaotetea mambo haya, na yafaa tuzijibu moja moja, kwa maana mgala muue na haki mpe.

Wa kwanza husema: Mwizi wa kuku humwacha mwenye kuku bila kuku, lakini anayenakili wimbo humwachia mwenyewe wimbo wake, basi wizi uko wapi? Hoja hii yapendeza masikioni, lakini haina miguu. Mtunzi hakutunga wimbo ili auweke kabatini. Aliutunga ili auuze, apate kodi ya nyumba na karo ya watoto. Makuli wa bandari ya Dar es Salaam walipogoma mwaka 1947, hapana mtu aliyekuwa amewaibia mikono yao. Walikuwa nayo mikono yote miwili. Walichonyimwa ni ujira wa kutosha kwa kazi ya mikono hiyo. Mfanyakazi anayeielewa daawa ya makuli wale hawezi kushindwa kuielewa daawa ya mwimbaji.

Wa pili husema: Sisi ni maskini, hatuna uwezo wa kununua. Hoja hii ina uzito, na hatuidharau. Kwa muda mrefu filamu halali hazikupatikana kabisa katika wilaya nyingi, na zilipopatikana bei yake ilimpita mwenye mshahara wa chini. Ndiyo maana vibanda umiza vilijaa watu, na ndiyo maana walitokea wasimulizi hodari waliozitafsiri kwa Kiswahili filamu za Hong Kong, za India na za Nigeria, wakawafikishia wananchi hadithi ambazo hapana kampuni iliyojali kuwafikishia. Kazi yao ilikuwa na ufundi, wala hatuwezi kuikana faida yake. Lakini tazameni mwisho wake: sauti ya msimulizi nayo ilichomwa katika CD na watu wengine, ikauzwa mitaani bila yeye kupewa chochote. Aliyekula jasho la mwenzake kaliwa la kwake.

Wa tatu husema: Wimbo ukinakiliwa sana msanii hupata jina, na jina ni mali. Twajibu kwamba jina halipikwi likaiva. Mwezi wa Aprili mwaka 2012 alipofariki mwigizaji Steven Kanumba, maelfu kwa maelfu ya watu walifurika kumsindikiza, na machozi yao yalikuwa ya kweli. Lakini kila mmoja wetu angeweza kujiuliza: katika filamu zake nilizozitazama, ni ngapi nilizozilipia? Mapenzi ya watu hao hayakuwa na walakini. Walichokosa wengi wao ni njia nyepesi ya kuyageuza mapenzi yao kuwa chakula mezani kwa msanii angali hai.

Wenzetu wa nchi nyingine wamekwisha kulipitia jaribio hili, na yafaa tujifunze kwao. Huko Marekani mwaka 1999 ilianzishwa Napster, iliyowawezesha watu kubadilishana nyimbo bila malipo. Mwaka 2001 mahakama ikaifikisha mwisho. Huko Sweden ilianzishwa The Pirate Bay mwaka 2003, na mwaka 2009 mahakama ya Stockholm iliwahukumu watu wanne kwenda gerezani na kulipa fidia kubwa. Hata hivyo kunakili hakukukoma. Kilichokupunguza kilitoka katika Sweden hiyo hiyo: mwaka 2008 ilifunguliwa huduma ya Spotify, ambapo mtu husikiliza kihalali kwa ada ndogo ya mwezi, au bila ada akivumilia matangazo. Wengi waliokuwa wakinakili walihamia huko, kwa kuwa njia ya halali ilikuwa imekuwa rahisi kuliko ya haramu. Hatusemi kwamba huduma hizo ni pepo ya wasanii. Malipo ya wimbo kusikilizwa mara moja aghalabu hayafiki senti moja ya Marekani, na wasanii wa huko nao wana manung'uniko yao. Twasema tu kwamba gereza peke yake halikuweza kufanya kazi ambayo bei nafuu iliifanya.

Hapa kwetu sheria ipo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ilipitishwa mwaka 1999, na kwa sheria hiyo ikaundwa COSOTA. Mtunzi hulindwa maisha yake yote, na miaka 50 baada ya kufa kwake warithi wake hulindwa. Mbaraka Mwinshehe alifariki mwaka 1979. Kwa hiyo nyimbo alizozitunga zingali na wenyewe mpaka utakapomalizika mwaka 2029, na kila anayezifanyia biashara leo anafanya biashara juu ya urithi wa watu. Kwa upande mwingine, Shaaban Robert alifariki mwaka 1962, na kwa hesabu hiyo hiyo tangu mwaka 2013 maandishi yake ni mali ya umma wetu wote. Twayataja haya ili ionekane kwamba hakimiliki ni ua wenye mwisho wake. Azimio la Ulimwengu la Haki za Binadamu la mwaka 1948, katika kifungu cha 27, limeziweka haki hizi mbili mahali pamoja: haki ya kila mtu kushiriki katika utamaduni wa jamii yake, na haki ya mtunzi kulindwa katika maslahi ya kazi yake. Asiyetaka kuziona zote mbili amesoma nusu ya kifungu.

Mwaka 2013 Serikali ilianzisha stempu za kodi za kubandikwa katika makasha ya kazi za muziki na filamu. Lilikuwa wazo jema, lakini lilikuja wakati mnunuzi amekwisha kuanza kuiacha CD na kuishika simu. Stempu hubandikwa juu ya kasha. Wimbo unaopita hewani hauna kasha. Askari akamate makasha elfu katika Kariakoo, jioni ile ile filamu ile ile itakuwa ikizunguka katika makundi ya WhatsApp.

Yako pia mambo ya wanablogu, ambayo twaona hayawezi kutenganishwa na haya. Mwezi wa Machi mwaka 2018 zilitoka kanuni za maudhui ya mtandaoni, zilizomtaka mwenye blogu apate leseni. Jumla ya ada za kuanzia zilikuwa zaidi ya shilingi 2,000,000, na ikapofika Juni mwaka huo baadhi ya blogu na majukwaa yakasimama kwa kukosa leseni. Twajua kanuni hizo zilikuwa na sababu: matusi, uzushi na picha za aibu vilikuwa vimezidi, na hapana mtu mwenye watoto asiyejua madhara yake. Lakini fedha hizo mwalimu wa shule ya msingi angezitoa wapi? Mtu aliyeandika maneno yake mwenyewe, kwa akili yake mwenyewe, alidaiwa mamilioni, ilhali mwenye kibanda aliyeuza kazi za watu mia hakudaiwa na mtunzi hata mmoja. Mizani iliyomlemea mwenye kuzalisha ikamwacha mwenye kupora haikuwa sawa. Kanuni hizo ziliandikwa upya mwaka 2020, zikarekebishwa mwaka 2022, na ada ikapunguzwa. Twaipongeza hatua hiyo kwa dhati, na twasema iendelee mpaka mwandishi mdogo asiyeuza tangazo wala habari asitozwe ada kwa kusema lake.

Na wanablogu nao wajitazame katika kioo. Wengi wao hulalamika, na ni haki yao, lakini wapo pia wanaochukua habari nzima ya mwenzao, wakafuta jina lake, wakaweka lao. Wapo wanaokata pembe ya picha ili saini ya mpigapicha isionekane. Wapo wanaozipiga picha kurasa za magazeti kabla jua halijachomoza na kuzigawa, halafu wakashangaa magazeti yakipunguza waandishi. Mtu hawezi kudai uhuru wa kalamu yake huku akiibia kalamu ya jirani.

Maoni yetu ni haya. Kwanza, sheria imwandame mfanyabiashara wa kazi za wizi, yaani yule aliyejitajirisha kwazo, na imwache msikilizaji mwenye simu moja. Pili, wenye kazi na wenye mitandao ya simu wafungue njia ya kulipa fedha ndogo kabisa kwa simu, ili mtu mwenye shilingi mia awe mteja halali kama mwenye elfu kumi, na fungu la msanii katika malipo hayo lijulikane wazi. Tatu, redio, televisheni, hoteli, baa na mabasi, ambavyo huvuta wateja kwa muziki, vilipe mirabaha bila kubembelezwa; na wanaoikusanya watangaze kila mwaka ni nani amelipwa na kiasi gani, kwa sababu mali bila daftari hupotea bila habari. Nne, nakala isiyouzwa, ya mwalimu darasani au ya mtu aliyenukuu kwa haki na kumtaja mwenyewe, isigeuzwe kuwa kosa la jinai.

Jambo la tano halihitaji sheria wala kanuni. Ni la msomaji mwenyewe. Mfanyakazi ajuaye uchungu wa kufika mwisho wa mwezi akaambiwa mshahara haujafika, na autazame upya wimbo anaoupenda. Anaposikia kwamba msanii wake ametoa kazi mpya, ainunue mahali panapomfikishia fedha mwenyewe, hata kama ni moja tu kwa mwezi. Anaposoma makala iliyomfaa katika blogu, amwelekeze rafiki yake huko huko ilikoandikwa, wala asiinyofoe na kuituma bila jina. Katika vyama vya wafanyakazi, katika matawi na mikutanoni, suala la wasanii na waandishi wa mtandaoni lizungumzwe pamoja na ya wachimba migodi na wavuna mkonge, kwa maana ni suala moja: nani amefanya kazi, na nani amelipwa.