Sista alikata kidogo tu

KAULI YA MAMA KERUBO

Jumanne nilimpeleka shangazi kupimwa presha. Yeye hatoki nyumbani bila chupa yake ya uji. Tulibanana na wenzetu kwenye benchi la kituo kimoja cha afya hapa Kisii, tukingoja kuitwa.

Mama mmoja aliyejifunga leso ya maua alikuwa akimnong'oneza jirani yake habari za bintiye wa darasa la nne. Likizo hii walishamalizana na jambo lile. Si kwa wembe wa kikongwe, la. Sista alikuja nyumbani usiku na mfuko wake: glavu mpya, ganzi, spiriti, hata vidonge vya maumivu. "Mtoto hakulia," akasema. "Kesho yake alikuwa akichambua mboga."

Benchi likashusha pumzi. "Afadhali," mmoja akasema.

Hiyo "afadhali" ndiyo iliyonichoma. Nikamuuliza: "Mama, sista alikata nini?"

"Kidogo tu, mama."

"Kidogo cha nini?"

Akainamisha uso, akaanza kukunja na kukunjua pindo la leso. Hakuna aliyenijibu. Shangazi, ambaye alikatwa alfajiri moja ya baridi miaka zaidi ya sitini iliyopita, akakaza kifuniko cha chupa yake na kusema polepole: "Hata mimi waliniambia ni kidogo."

Nasema wazi: nesi anayekeketa ni ngariba. Tena ni mbaya kuliko yule wa kale. Yule alirithi kisu kwa mamake. Huyu amesomeshwa mishipa ya damu inapopita, amewashika mkono wanawake waliochanika vibaya wakijifungua kwa sababu kovu halitanuki. Anakata akijua, kisha anapokea pesa.

Na sisi tulimfungulia mlango. Miaka nenda miaka rudi tuliwahubiria wazazi hatari za wembe mchafu. Wakalishika neno "mchafu" peke yake, wakaenda kutafuta msafi. Sheria ya 2011 ya kupiga marufuku ukeketaji ilipokuja, ngoma zikanyamaza na kisu kikajificha ndani ya sare ya kazi. Mwaka 1998, kati ya wanawake 100 wa Kenya, 38 walikuwa wamekeketwa. Mwaka 2022 walikuwa 15. Nchi inasonga. Huku kwetu kisu kimebadilisha mkono.

Anayedhani usafi ni kinga aitazame Misri, ambako madaktari wamekeketa kwa miaka mingi. Mwaka 2013 binti wa miaka 13 alikufa baada ya kukeketwa na daktari. Ganzi huzuia kilio. Haizuii damu, wala hairudishi kiungo.

Kazi ya sista ilikuwa nyingine kabisa: kumuuliza mama mjamzito kwa upole kama alikeketwa, kumwandaa kujifungua salama, kumtibu kovu na maumivu ya kukojoa, na kumsihi amwache salama binti atakayemzaa. Mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani lilitaka kanuni za maadili ya kazi ziwakataze waziwazi wahudumu wa afya kukeketa. Inaniuma kwamba aliyeapa kuponya anahitaji kuandikiwa hilo.

Sheria yetu haina kidogo wala kikubwa. Anayekeketa ni kifungo kisichopungua miaka 3, au faini isiyopungua shilingi 200,000, au vyote viwili. Anayejua akanyamaza naye ana kosa. Jioni ileile nilikwenda kwa chifu, nikaeleza nilichosikia.

Njiani mmoja wa wale tuliokaa nao alinilaumu: nitamponza sista wa watu kwa jambo dogo.

Ganzi ya yule mtoto iliisha usiku uleule. Ya benchi lile bado haijaisha.