Waumizeni kwenye mtoano, siyo mfukoni

Wadau, leo tuanze na meno.

Tarehe 24 Juni 2014, Kombe la Dunia kule Brazil, Luis Suárez wa Uruguay alimng'ata bega Giorgio Chiellini wa Italia. Refa hakuona, mpira ukaendelea, Uruguay wakashinda. Lakini dunia nzima ilikuwa imeona kwenye runinga, na FIFA hawakungoja kuuliza kama Chiellini ametoka damu. Suárez akafungiwa mechi tisa za timu ya taifa na miezi minne nje ya soka lote. Siku nne baada ya lile jino, Uruguay wakaingia kucheza na Colombia bila mfungaji wao, wakalala 2-0, wakafungasha mizigo.

Sasa rudi nyuma miaka mitatu. Tarehe 1 Juni 2011, mjini Vancouver, Kanada, mechi ya kwanza ya fainali ya Kombe la Stanley. Hiyo ndiyo fainali ya NHL, ligi kubwa kuliko zote za hoki ya barafuni. Alex Burrows wa Vancouver na Patrice Bergeron wa Boston wamekunjana, kidole cha Bergeron kikaishia mdomoni mwa Burrows, na kamera ipo. Wakuu wa ligi wakaangalia picha, wakasema hawakupata ushahidi wa kutosha kwamba aling'ata kwa makusudi. Hakufungiwa hata mechi moja. Siku tatu baadaye Burrows huyohuyo akafunga mabao mawili, la pili likiwa la ushindi, sekunde 11 tu baada ya muda wa nyongeza kuanza.

Jamani, mtu anang'ataje kidole cha mwenzake bila makusudi? Alidhani muhogo?

Najua kuna watakaosema, "Wewe mtoto wa nchi ya jua kali, barafu inakuhusu nini?" Inanihusu kwa sababu napenda michezo, na kwa sababu jirani zetu wa Nairobi wana timu. Inaitwa Ice Lions, ilianzia kwenye ule uwanja wa barafu wa hoteli ya Panari, Barabara ya Mombasa, na mwaka 2024 Kenya ikakubaliwa uanachama kwenye shirikisho la dunia la mchezo huu. Watoto wanaojifunza kuteleza pale wanawatazama hawahawa wa NHL. Kwa hiyo tuna haki ya kuuliza wanafundishwa nini.

Kwa asiyeujua mchezo: wachezaji sita kila upande pamoja na kipa, viatu vyenye visu chini, gongo mkononi, wanakimbizana na kisahani cheusi cha mpira mgumu. Kugongana kwa bega ni halali. Kupigana ngumi ni kosa, lakini sikiliza adhabu yake: dakika tano kwenye kibanda cha adhabu, halafu unarudi kucheza. Marefa husimama pembeni wakingoja mmoja aanguke ndipo waamulie. Kwenye Olimpiki, mchezo huohuo, ukipigana unatolewa nje. Kumbe sheria ya kuwatoa ipo, inajulikana, na wachezaji wa NHL wakienda Olimpiki wanacheza chini yake.

Hoja yangu ni hii. NHL hawashindwi kuzuia vurugu. Hawataki. Na ushahidi kwamba wangeweza wanautoa wao wenyewe kila mwaka inapofika Aprili.

Aprili ndipo mtoano unapoanza. Timu zipo 32, zinacheza msimu mrefu wa mechi themanini na ushei kuanzia Oktoba, na 16 tu ndizo zinazopita. Raundi nne, kila raundi anayetangulia kushinda mechi nne ndiye anayesonga. Mchezaji anaweza kumaliza maisha yake yote ya mpira bila kuligusa lile kombe. Sasa angalia kinachotokea: mapigano ya ngumi hupungua sana. Wale mabaunsa, watu walioajiriwa kwa sababu ya ngumi zao kuliko mabao yao, makocha huwaweka benchi. Kwa nini? Kwa sababu dakika tano za ujinga zinaweza kuzika msimu mzima. Hakuna mahubiri wala semina. Gharama imepanda, basi.

Mfano wa karibuni kabisa. Tarehe 15 Februari 2025, Montreal, Marekani na Kanada walikutana kwenye mashindano ya mataifa manne yaliyoandaliwa na NHL. Sekunde tisa za kwanza, mapigano matatu! Mashabiki wa ngumi wakashangilia: mnaona, damu ndiyo inayouza. Siku tano baadaye, Boston, timu zilezile zikakutana kwenye fainali, kombe likiwa mezani. Ngumi ngapi? Hakuna. Kanada wakashinda 3-2 kwa bao la Connor McDavid kwenye muda wa nyongeza, na hakuna aliyedai arudishiwe kiingilio. Mtu anayejua kujizuia Alhamisi alijua kujizuia hata Jumamosi iliyopita. Alichokosa ni sababu.

Na sababu hiyo ligi ndiyo inayoinyima. Tazama bei zao.

Aprili 2012, mechi ya kwanza ya mtoano kati ya Nashville na Detroit. Sekunde za mwisho kabisa, nahodha wa Nashville, Shea Weber, akamshika kichwa Henrik Zetterberg akakibamiza kwenye kioo cha uwanja. Siyo kugongana kwa mchezo, ni kubamiza, kama mtu anavyopasua dafu. Adhabu: faini ya dola 2,500. Ndiyo ilikuwa faini ya juu kabisa iliyoruhusiwa na mkataba wa ligi na chama cha wachezaji. Kiangazi kilekile Weber akasaini mkataba wa miaka 14 wenye thamani ya dola milioni 110. Dola 2,500 kwa mtu huyo ni nauli ya daladala. Na kwa nini hakufungiwa? Zetterberg aliinuka, na ligi ikaeleza kwamba hakuonekana kuumia. Nashville wakashinda raundi ile, nahodha wao akicheza.

Hapo ndipo ugonjwa ulipo. Ligi inapima adhabu kwa machela. Aliyepigwa akibebwa, kosa ni kubwa. Akiinuka, kosa ni dogo. Kwenye fainali ileile ya kidole, Aaron Rome wa Vancouver alimgonga Nathan Horton wa Boston aliyekwisha kutoa pasi, Horton akatolewa kwa machela, na Rome akafungiwa mechi nne, yaani fainali yote iliyobaki. Sawa kabisa, sina ugomvi na hilo. Lakini kama Horton angekuwa na bahati akasimama, kitendo kingekuwa kilekile na adhabu ingekuwa nyingine. Unamwadhibu mtu kwa alichofanya, au kwa ugumu wa fuvu la mwenzake?

Wapenzi wa mambo ya zamani watakuja na jibu lao: mchezo una kanuni zake zisizoandikwa. Wachezaji wanajilinda wenyewe. Ukimgonga nyota wetu, baunsa wetu atakuita, mtapigana uso kwa uso, deni limelipwa, maisha yanaendelea. Bila hivyo, wanasema, nyota wataumizwa ovyo.

Basi tuzungumze kuhusu Steve Moore.

Februari 2004 Moore, kijana wa Colorado aliyekuwa anaanza, alimgonga Markus Näslund, nahodha wa Vancouver, akamsababishia mtikisiko wa ubongo. Ligi haikumwadhibu. Tarehe 8 Machi timu zikakutana tena Vancouver. Kipindi cha kwanza Moore akapigana na Matt Cooke. Kwa kanuni zao, deni limelipwa. Lakini kipindi cha tatu, Colorado wakiongoza 8-2, Todd Bertuzzi akamfuata kwa nyuma, akamvuta jezi, akamtandika ngumi ya kichwa bila mwenzake kumwona, wakaanguka wote, Moore chini, uso kwenye barafu. Pingili tatu za shingo zikavunjika. Alikuwa na miaka 25. Hakucheza tena NHL.

Bertuzzi akakosa mechi 20: 13 za msimu na saba za mtoano, akapoteza mshahara wa zaidi ya dola 500,000. Timu yake ikatozwa dola 250,000. Mahakamani alikiri kosa la shambulio, akaachiwa kwa masharti: mwaka mmoja wa uangalizi na saa 80 za kazi za jamii. Msimu uliofuata ulifutwa kwa mgogoro wa mishahara, na Agosti 2005 akaruhusiwa kurudi. Februari 2006 alikuwa Olimpiki na jezi ya Kanada. Akaendelea kucheza NHL mpaka 2014, mwaka uleule ambao kesi ya madai ya Moore iliishia kwa maelewano ya siri. Miaka kumi. Mmoja uwanjani, mwingine kwenye korido za mawakili.

Kwa hiyo hizo kanuni zisizoandikwa zilimlinda nani? Hazikumlinda Näslund. Hazikumlinda Moore, ingawa alishalipa "deni" lake kipindi cha kwanza. Kisasi hakina risiti.

Na mabaunsa wenyewe je? Derek Boogaard alicheza mechi 277 za NHL akafunga mabao matatu. Kazi yake ilikuwa ngumi. Mei 2011 alikufa akiwa na miaka 28, kwa pombe na vidonge vya maumivu. Madaktari wa Boston walipouchunguza ubongo wake wakakuta ule ugonjwa wa ubongo unaohusishwa na vipigo vya mara kwa mara kichwani. Kamishna wa ligi, Gary Bettman, aliwaambia wabunge wa Kanada mwaka 2019 kwamba haoni ushahidi wa kutosha wa kuunganisha hoki na ugonjwa huo. Hawa tena hawana ushahidi wa kutosha! Kidole hawana ushahidi, ubongo hawana ushahidi.

Tunaambiwa sasa mambo yamebadilika. Ni kweli mapigano yamepungua: msimu wa 2008-09 yalizidi 700, miaka kumi baadaye hayakufika 300. Mwaka 2011 wakaunda idara ya usalama wa wachezaji. Nzuri. Mwaka 2017 uongozi wa idara hiyo akapewa George Parros, baunsa mstaafu. Sisemi ni mtu mbaya, ana shahada ya Princeton na kichwa chake kinafanya kazi. Nasema tu kwamba kwetu tungeuliza kwa nini fisi ndiye anayeandika sheria za buchani.

Sasa nifike ninapotaka. Kuna mtu mmoja anayethibitisha kwamba adhabu ya kweli inafundisha, na anaitwa Nazem Kadri. Mwaka 2018 akiwa Toronto alifungiwa mechi tatu kwenye raundi ya kwanza dhidi ya Boston. Toronto wakatolewa katika mechi ya saba. Mwaka 2019, raundi ileile, Boston walewale, akampiga mtu usoni kwa gongo, akafungiwa mechi zote zilizobaki. Toronto wakatolewa tena mechi ya saba, na kiangazi hicho wakamuuza Colorado. Mwaka 2021 akamgonga kichwa Justin Faulk, akafungiwa mechi nane. Colorado wakatolewa raundi ya pili, na hakurudi uwanjani hata dakika moja. Mara tatu aliwaacha wenzake wakizama huku yeye akitazama kwenye runinga.

Mwaka 2022 alicheza mtoano bila kufungiwa. Akatwaa kombe na Colorado, Muislamu wa kwanza kulitwaa, akalipeleka msikitini kwao London, Ontario. Hakugeuka malaika, lakini bei aliyoielewa ilikuwa moja tu: mechi za mtoano.

Na katika safari hiyohiyo Evander Kane wa Edmonton alimsukuma kwa nyuma kwenye ukuta, Kadri akaumia kidole gumba mpaka akafanyiwa upasuaji, akakosa mechi nne. Kane alifungiwa mechi moja. Aliyefanya, moja. Aliyefanyiwa, nne. Hesabu hiyo hata mtoto wa darasa la pili ataikataa.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu. Kwanza, anayepigana ngumi atolewe, kama Olimpiki. Pili, pigo la kichwa au la nyuma lipimwe kwa kitendo, siyo kwa machela, na adhabu yake ihesabiwe kwa mechi za mtoano. Ukifanya Januari, ukiwa na deni Aprili, utalilipa Aprili. Tatu, na hili ndilo kubwa, timu isiruhusiwe kujaza nafasi ya aliyefungiwa. Mechi moja inabeba wachezaji 18 pamoja na makipa wawili. Basi waingie na 17. Kocha akilala na hesabu hiyo kichwani, atamtuliza baunsa wake kabla refa hajapuliza filimbi.

Mtasema naonea timu kwa kosa la mmoja. Uruguay walionewa? Ufaransa walionewa Zidane alipotolewa kwenye fainali ya 2006 kwa kumpiga Materazzi kichwa cha kifua, dakika ya 110, mechi yake ya mwisho? Soka ilimtoa mfalme wake mbele ya dunia nzima, kombe likiwa pale pembeni, na soka haikufa.

Naomba kutoa hoja.